Bi Ukucha na Diski Zisizopasuka

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita katika gereji ya uwanja wetu wa mbio za magari, fundi mkuu wa breki anastaafu. Kwenye faili ana jina lingine, lakini hapa anaitikia Bi Ukucha. Anayeandika haya ni mtunza stoo, mtu aliyegombana naye kuliko wote.

Jina hilo lilimpata kazini. Gari la mbio linapofunga breki kabla ya kona kali, diski zake, sahani za chuma zinazobanwa na breki, huiva nyekundu kama kaa la moto, zikapoa, zikaiva tena. Baada ya mizunguko mingi uso wa chuma huota nyufa nyembamba. Wengine wetu tuliangalia kwa macho tukasema bado. Yeye alipitisha ukucha wa kidole cha shahada, taratibu, kutoka katikati hadi ukingoni. Ukucha ukiteleza, diski ilirudi kazini. Ukikwama, au ufa ukiwa umefika ukingoni, diski ilitoka, hata kama unene wake haujashuka hadi kipimo kilichogongwa na kiwanda. Kipimo kile, alikuwa akisema, ni cha mtu anayeendesha kwenda sokoni. Kwa gari la uwanjani, nyufa hutangulia. Tukimtania kwa methali ya kuziba ufa, alitujibu kwamba ufa wa diski hauzibwi, unatupwa pamoja na diski yake.

Alitaka pia zibadilishwe mbili mbili, kulia na kushoto, maana mpya ikiwa upande mmoja gari huvutwa kombo breki zinaposhika. Hapo ndipo stoo na gereji zilipogeuka paka na panya. Mtunza stoo alimwita mharibifu, naye akauliza kama mtunza stoo amerithi diski zile kwa babu yake.

Binti yake wa pekee ni dereva. Miaka minne iliyopita, asubuhi ya mashindano ya kufunga msimu, ukucha ulikwama kwenye diski ya gari la binti huyo. Stoo ilibaki na diski moja tu. Wapo walioshauri iwekwe hiyo hiyo moja, na wapo waliosema ile ya zamani itavumilia siku moja zaidi. Alikataa yote mawili. Gari likabaki juu ya jeki, na kombe ambalo binti alilifukuzia msimu mzima likaenda kwa mwingine. Nyumbani, mama na mwana walikula meza moja karibu mwezi mzima bila kusemezana. Chumvi ilipitia kwa baba. Kisha siku moja binti akaja gereji, akaketi kwenye benchi, akasema hajakubali, ila ameelewa.

Diski ile ingepasuka au isingepasuka, hakuna ajuaye. Huo ndio uzito wa kazi yake. Akiifanya vizuri hakitokei kitu, na kitu kisichotokea hakipigiwi makofi. Leo tunampigia.

Mwezi wa tatu mwaka huu alipitisha ukucha kwenye diski ya gari la binti huyo huyo, akasema inafaa. Fundi mwenzake, aliyefundishwa naye kurudia kila kazi, akaipitia tena, na ukucha wake ukakwama. Ufa ulikuwa umefika ukingoni. Gari lilikuwa halijatoka, hakuna aliyeumia, na sisi tulikuwa tayari kulifanya jambo la mzaha. Yeye hakucheka. Alinawa mikono, akaenda kwa meneja kusema kwamba vidole vimeanza kufa ganzi na kwamba anaondoka, ingawa umri wa kustaafu ulikuwa haujafika.

Meneja alimbembeleza. Binti alimbembeleza zaidi: yuko radhi kuendesha kwa neno la mama yake, ganzi au bila ganzi.

"Ndiyo maana naondoka, mwanangu," mama akamjibu. "Wewe utaniamini hata ukucha ukinidanganya."

Anayeandika haya alitoka nje kidogo, kwa kisingizio cha kuhesabu matairi.

Ahsante, dada, kwa madereva wote waliorudi nyumbani bila kujua kwamba ulikuwa na mkono humo. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na vidole vilivyopata pumziko. Jumamosi binti yako anashindana. Kwa miaka yote hiyo hukuwahi kutazama mbio. Ulitazama magurudumu tu. Safari hii panda jukwaani ukae na mumeo, ulitazame gari zima. Fundi mwenzako amezikagua diski, akasema moja haifai. Stoo imetoa mbili, mpya, kulia na kushoto, na mtunza stoo hakumwita mtu mharibifu.