Malkia Aliyeshuka Majini

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Maneno haya ni yangu, sauti ni ya mjukuu wangu anayewasomea karatasi hii, kwa kuwa mimi sikuingia darasani. Nimemwamuru asiongeze wala asipunguze.

Mwanangu wa pekee alizama ziwani mwaka ule mitumba ilipoanza kufurika sokoni Mkuyuni. Mwili haukuonekana. Kulia juu ya kaburi nakujua. Juu ya maji nilishindwa. Nikaligeuzia ziwa kisogo, nikalala, nikanyamaza, nikakataa chakula. Jamaa wakaanza kunitazama kama atazamwavyo mtu anayeaga.

Mjukuu huyu akaokota katika rundo la mitumba riwaya ya Kiingereza, yenye miungu na majitu ya Kihindi. Adhuhuri moja akaketi mlangoni, akawa anasoma na kunitafsiria. Nilistahimili, kisha nikafoka: "Hadithi, jua likiwa utosini? Wazee walikataza! Wataka ng'ombe wapotee?"

"Babu, ng'ombe gani? Hatuna hata mbuzi!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza tangu msiba. Nikamwambia, "Basi endelea, maadamu umekwisha kuharibu."

Kulikuwa na malkia ambaye mwanawe alichukuliwa na mfalme wa nyoka, aishiye chini ya maji. Kitabu kikaishia malkia akiwa ukingoni, taa mkononi.

"Kisha?"

"Kisha imo katika kitabu cha pili, Babu, nacho hatuna."

Ndugu zangu, nawaambia, mtu anayeuliza "kisha" hajawa tayari kufa. Niliomba uji.

Nilipopata nguvu tukaenda Mirongo, kwa mama mmoja wa Kihindi muuza vitambaa, tuliyeambiwa anavyo vitabu hivyo.

"Shikamoo, mzee. Cha kwanza umekisoma?"

"Marahaba. Nimesomewa. Niambie tu: alishuka?"

Akacheka. "Nikikuambia, hiki utakisikiliza cha nini?" Akanikabidhi kitabu chake mwenyewe.

Alishuka. Nanyi mnaoguna huko nyuma, tulieni. Sikuabudu sanamu, nilisikiliza. Yule mfalme wa nyoka, mwenye vichwa vingi, hakumng'ata. Alivitandaza vichwa vyake juu ya malkia kama paa, akasema: "Mwanao sitamrudisha. Lakini huku hayuko peke yake. Lia, nitakufunika." Na maji yote ya dunia yakasimama kimya, yakimngoja mwanamke mmoja amalize kulia.

Niliinuka, nikashuka hadi ziwani mchana kweupe, nikatia miguu majini, nikalia. Na ziwa lile, ndugu zangu, lilitulia. Nimeliona kwa macho haya.

Namshukuru mama wa Mirongo. Nawashukuru mlionipikia uji. Aliyefiwa msimwambie anyamaze. Mtafutieni jambo litakalomfanya aulize "kisha".

Jambo moja nilichelewa kulitambua. Nilidhani nasomewa mimi tu. Sote tulimtazama mzee kitandani. Hakuna aliyemtazama msomaji mlangoni.

Kunja karatasi, mjukuu wangu. Aliyezama alikuwa baba yako. Lia, nitakufunika.