Msalaba Uliomponyoka Perlita

Mheshimiwa Kapteni wa mtaa wetu, Baba Paroko, akina mama wa kamati ya maandamano ya Msalaba Mtakatifu ya kila Mei, ndugu wageni waalikwa, na wewe dada Perlita Dimaculangan, uliyeketi hapo umependeza kutushinda sote kama kawaida yako: habari za mchana.

Nimeombwa nimuage dada Perlita, anayestaafu kuwa Reina Elena wetu, malkia anayetembea wa mwisho na kubeba msalaba. Nimeombwa pia nimsifu. Haya, nitamsifu, ingawa koo linaniwasha.

Miaka tisa nilitembea mbele yake. Mnajua maana yake? Sikumwona hata mara moja. Nilisikia makofi tu, yote nyuma yangu. Yalizidi mwaka ule aliporudi kutoka Manila na kifua kipya cha silikoni. Mume wangu Nestor akasema, "Perlita kanawiri, jamani!" Wivu ukanikaba. Nikawaambia wenzangu sokoni, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Walicheka, nami nikacheka kuliko wote.

Kisha akaanza kuumwa. Vidole vikafa ganzi, viungo vikavimba, majina ya watoto wake wa ubatizo yakampotea mdomoni. Daktari mmoja alisema huenda mwili unajishambulia wenyewe kwa sababu ya silikoni; mwingine akasema hilo halijathibitishwa. Mimi sikungoja daktari, nilisema ni maringo. Mwaka jana, tukiwa tunavaa, aliniomba, "Shoga, nifungie vifungo, mikono haishiki."

"Kwani mimi mjakazi wako?" nikamjibu.

Mbele ya kanisa msalaba ukamponyoka. Baba Paroko aliinama akauokota. Nani alifurahi? Msitazamane. Ni mimi.

Mwaka huu mkanipa msalaba mimi. Lo, nilivyoungoja! Mliniona nimeufunga mkononi kwa utepe mweupe, mkasema Milagros kaleta mtindo mpya, na mabinti zenu wameshaanza kuuiga. Haukuwa mtindo. Vidole vyangu haviushiki tena.

Mnadhani kifua hiki nilipewa na mama yangu? Nilikwenda kwa daktari yule yule, mwezi mmoja baada ya Perlita, nikamwambia, "Nitilie kifua kama chake, ila kizidi kidogo." Nestor nilimwapisha asiseme. Msimlaumu, amenyamaza mpaka leo, maskini, na sasa ameinamisha kichwa pale kwenye sahani yake ya tambi.

Dada Perlita, Jumatatu unakwenda Manila kuitoa hiyo silikoni. Najua hukuahidiwa kupona. Hata hilo nakuonea wivu: wewe umethubutu kusema unaumwa, mimi nimejificha nyuma ya utepe. Nimekata tiketi ya basi lako. Nikubalie twende wote, nami nimwone huyo daktari. Vifungo vyako nitavifunga, hata vikinichukua asubuhi nzima. Na tukishuka, tangulia wewe. Nimechoka kutembea mbele yako. Safari hii nataka nikuone.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza hadi hapa. Makofi mpigieni yeye, na leo nami nitapiga, kadiri vidole vitakavyokubali.