Bi Zuhura, Mwosha Macho wa Mlola

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Zuhura Amiri wa Mlola, mtunza chemchemi, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka sabini na minane. Bi Zuhura, mwosha macho.

Watu walimfuata kutoka Mlalo, wengine Bungu, awaoshe macho kwa maji ya chemchemi yaliyoaminika kuponya. Ukifika unavua viatu, unachota kwa kibuyu. Sufuria haigusi maji yale. Waislamu walikuja, Walutheri walikuja. Mzee Nathanaeli, mzee wa kanisa, alikuja akijidai anatafuta mbuzi wake. Bi Zuhura akamwosha macho, akamwambia, "Haya, mbuzi akirudi nisalimie."

Lakini kabla ya kuosha, alikagua. Jicho lenye kidonda hakuligusa, alilielekeza hospitali. Hilo ndilo lilikuwa sharti lake kuu.

Basi macho yake mwenyewe yakaingia ukungu. Siku moja alikutana njiani na Hamza, mume wa binti yake. Akamwamkia, "Shikamoo!" Mkwewe, wasikilizaji! Hamza akaduwaa. Angeitikiaje marahaba kwa mama mkwe?

Binti yake, Sabra, anasimulia: "Nikamwambia, mama, twende hospitali. Akasema, 'Nikienda watasema maji yamenishinda. Nani atakuja tena?'"

Mwaka mzima alikataa. Mwaka mzima, wasikilizaji.

Kisha mama mmoja, Eliza, akamleta mwanawe. Bi Zuhura akakagua kama kawaida, akaanza kuosha. Eliza akauliza, "Bibi, na hiki kidonda je?"

Bi Zuhura akaweka kibuyu chini, akalia. "Sikioni, mwanangu."

Siku hiyohiyo walipanda gari moja kwenda Lushoto hospitali. Mtoto akatibiwa, akapona. Bibi naye akafanyiwa upasuaji wa macho. Sabra anasema bandeji ilipofunguliwa, mama alimkodolea macho, akacheka: "Weye! Mvi zote hizi umezitoa wapi?"

Akarudi Mlola siku ya gulio. Akasimama katikati ya wauza kabichi, akatangaza mwenyewe: "Macho yangu yametibiwa hospitali. Anayetaka kucheka, acheke."

Hakucheka mtu. Kesho yake foleni chemchemini ilikuwa ndefu kuliko zamani. Watu walitaka mwosha macho anayeona.

Pole sana Sabra, pole Hamza, poleni wana Mlola. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Zuhura. Nawe msikilizaji, kama nyumbani kwako yupo mzazi anayeficha maradhi kwa kuogopa midomo ya watu, usimgombeze. Mshike mkono, mwende.