Mwanaume wa Bomba

Naimo: Haloo? Bile?

Awo: Si Bile. Ni mimi, Awo. Salaam aleikum, abaayo.

Naimo: Aleikum salaam, dada yangu. Mbona na simu ya kaka?

Awo: Yangu haina kredo. Yeye ameenda msikitini, akaniachia.

Naimo: Mashallah. Na kikohozi chake amekuachia pia? Nakisikia.

Awo: Hiyo ni redio. Sikiza—

Naimo: Redio ipunguze sigara.

Awo: Naimo! Huku mjini wanasema umefungia Burat yote maji.

Naimo: Na vile niligeuka mwanaume jana, wamesema?

Awo: Astaghfirullah!

Naimo: Usishtuke, haikuuma. Pampu imekufa, fundi wa kisima ni mimi, na mwanamke haingii kikao cha kisima. Wazee wakanong'onezana, Ganya akasimama: "Kwa leo, Naimo ahesabiwe mwanaume." Makofi! Mimi miaka yote nafikiri hiyo ni kazi ya Mungu, kumbe hata kamati inaweza.

Awo: [anacheka] Ukakubali?

Naimo: Nikakalia kiti, abaayo! Nikawaeleza waya wa mota umeungua wapi, wakatingisha ndevu. Ikafika kuchagua katibu. Nikainua mkono.

Awo: Wee!

Naimo: Wakaangaliana. Kisha Bile wetu, huyo wa msikitini, akasema: "Huyu ni mwanaume wa bomba peke yake. Kwa uongozi abaki mwanamke." Na Ekidor, mwenyekiti mzima, akaniuliza chai iko wapi.

Awo: Bile alisema hivyo?

Naimo: Uliza redio.

Awo: Unaka— unakatika. Ukafanya nini?

Naimo: Nikamwambia mwanaume mwenzake hajui kupika chai. Nikabeba spana zangu, nikaenda.

Awo: Lakini watoto, Naimo. Na ngamia?

Naimo: Walikunywa. Nilitengeneza alfajiri, kina mama wakajaza mitungi, nikazima. Ufunguo uko kiunoni. Maji ya jioni wazee waje waombe.

Awo: Bile anasema— yaani, kuna mtu anasema, ukiwasha watakuhesabu mwanaume mwezi mzima.

Naimo: Wacha! Ukiisha nirudishwe, kama sufuria ya kuazima? Sitaki kupandishwa cheo. Nataka kiti nikiwa Naimo, mwanamke. Hayo maji nani huyabeba, si sisi?

Awo: [kwa sauti] Tafadhali, dada, washa! Ngoja nitoke nje, netiwaki mbaya... [mlango] [ananong'ona] Usiwashe.

Naimo: Umesema?

Awo: Usiwashe. Mimi nilipotolewa shule ati nimeshakuwa mwanamke, Bile akaendelea kusoma. Hakuna aliyenihesabu mwanaume, hata siku ya mtihani tu.

Naimo: Awo...

Awo: Wacha tu. Nani anabisha huko?

Naimo: Ganya na Ekidor. Karibuni, wazee! Mnatafuta nani? Yule mwanaume wa jana amehama.

Awo: Wanasema nini? Haloo?

Naimo: Ganya anaangalia viatu vyake. Ekidor anasema... anasema wamekuja kwa huyo mwanamke. Kiti cha katibu ni chake.

Awo: Alhamdulillahi! Nenda basi, usiwangojeshe!

Naimo: Wangoje kidogo, naongea na dada yangu. Ulikuwa unasema nini juu ya shule?

Awo: Mimi? Nilikuwa... Naimo, kwa hesabu nilikuwa nashinda darasa lote. Mwalimu alikuja mpaka nyumbani kuniombea kwa baba, akamwambia huyu msichana ata—

[Simu imekatika. Kredo imeisha.]