Samaki Mmoja wa Februari

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Ni mimi Peninah wenu, na leo sina salamu nyingi. Bethuel Ondieki ametutoka. Amefariki Jumapili, nyumbani kwake Acocks Green. Wengi mlimjua kama yule muuguzi mkimya wa kofia ya sufu. Mimi namjua kwa sababu ya samaki mmoja, na kisa hicho alinikabidhi nikiseme akishaondoka. Sasa ameondoka, nakisema.

Turudi mwaka 1967. Bethuel ni kijana wa Kisii, anasomea uuguzi huku ughaibuni, amepanga chumba Harborne. Asubuhi moja yuko kituo cha basi, anasikia mtu anaitukana baridi kwa Kiswahili. Anaitukana kwelikweli, akidhani hakuna anayeelewa. Bethuel akacheka. Yule mtu alikuwa Mwadini Khatibu wa Unguja, mfanyakazi wa kiwandani, mkazi wa Balsall Heath. Tangu siku hiyo hawakuachana. Kila Jumapili Bethuel alikula kwa Mwadini, na mke wa Mwadini, Mwanamize, akawa shemeji yake.

Sasa ni Februari 1969. Mwanamize ana mimba ya miezi minne na chakula hakikai. Nyama hataki. Wali anatapika. Samaki wa sokoni alimnusa tu, akaamuru atolewe nje. Anataka samaki aliyetoka majini leo hii, mwenye kichwa chake. Wiki ya tatu hali kitu. Bethuel alimpima mapigo ya moyo. Aliniambia, "Peninah, nilikuwa mwanafunzi tu, lakini niliona yule mama anakwisha."

Mwadini akachanganyikiwa. Kiwandani alikuwa na mwenzake, Gurnam, aliyewahi kuona watu wakitoboa barafu bwawani na kuvua. Gurnam akamwazima mtaimbo, akampa na masharti mawili. Msikae pamoja, barafu haibebi uzito wote mahali pamoja. Na msiwashe moto.

Lakini mnatujua sisi. Kufika tu bwawani na Bethuel, Mwadini akatandika mkeka mmoja. Bethuel akamkumbusha maneno ya Gurnam. Mwadini akamwuliza kwani wamegombana, hata wakae mbalimbali? Amtoe mtu Harborne kwenye baridi ile, halafu amkalishe peke yake kama asiye na kwao? Kisha akatoa seredani, lile jiko dogo la mkaa, akabandika chai ya tangawizi. Mgeni hakai bila chai. Mwadini, Mwadini! Nikifika hapa hasira hunipanda, na mtu mwenyewe nampenda bila kumwona.

Wakakaa bega kwa bega, vidole vimekufa ganzi. Saa tisa alasiri samaki akashika. Samaki mmoja, wa mistari, urefu wa kiganja na nusu. Mwadini akamtupa kwenye mapaja ya Bethuel, akainuka kwa furaha, na barafu chini ya seredani ikaachia.

Jiko likazama. Mkeka ukazama. Mwadini akazama mpaka mabegani. Bethuel akajitupa kifudifudi, akamkamata mkono, akapiga kelele. Hakuna mtu. Akavuta, barafu ikakatika tena. Mwadini hakulia. Alisema, "Samaki asikae. Mpelekee." Kisha mkono ukateleza. Uliteleza, wasikilizaji. Bethuel hakuuachia. Aliniapia hivyo, na wala sikuwa nimemwuliza.

Watu walipokuja na ngazi, walimtoa akiwa maiti.

Polisi mmoja akataka kwenda kumwambia mjane. Bethuel akamwomba amwachie yeye. Wakaenda pamoja mpaka Balsall Heath, na polisi akakubali kusubiri nje, kwenye theluji. Bethuel akapiga hodi akiwa na koti la kuazimwa, samaki ndani ya gazeti. Mwanamize hakumtazama yeye. Alimtazama samaki. Akamfunua shavu, akaona wekundu wake, akacheka. Mara ya kwanza kwa wiki tatu.

Akampara magamba, akampika mchuzi. Bethuel amekaa jikoni. Hebu niambieni, ingekuwa mimi au wewe, tungefanyaje? Akimwambia sasa, hatakula leo wala kesho, na mtoto yumo tumboni. Mwanamize akapakua, halafu akafunika sahani. Hakuwahi kumtangulia mumewe kula. Akauliza yuko wapi.

Bethuel akasema, "Amesema uanze wewe."

Akala. Alimla yule samaki mzima, akafyonza mpaka kichwa. Bethuel akimtazama, na polisi nje akipigapiga viatu apate joto. Mwanamize alipomaliza kunawa, ndipo Bethuel akamwambia.

Bi Mwanamize yuko hai, na amenipa ruhusa. Anasema, "Nilimfukuza. Nilimwambia umenilisha roho ya mume wangu. Miaka kumi sikuitika salamu yake."

Miaka kumi. Mtoto alizaliwa Julai, mzima, akaitwa Shemsa. Bethuel alimsikia tu akitajwa. Dada yake Bethuel, Moraa, anasema samaki hakuingia tena nyumbani kwao. "Na ule mkono wa kulia," anasema, "kaka yangu aliuficha mfukoni kama mtu aliyeiba nao." Hakuoa. Alihudumia wagonjwa, akarudi chumbani, akakaa.

Februari 1979, barafu nyingine. Hodi mlangoni kwa Bethuel, Acocks Green. Ni Mwanamize, na Shemsa wa miaka tisa ameshika sahani iliyofunikwa. Samaki mzima, na kichwa chake. Bethuel akasema hawezi. Shemsa akauliza, kwa Kiingereza, kwa nini huyu mjomba analia. Mwanamize akaweka sahani mezani, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Kula, shemeji," akasema. "Amesema uanze wewe."

Akatoa mkono mfukoni, akala.

Pole sana Moraa. Pole Bi Mwanamize, pole Shemsa, mmefiwa na mtu wenu. Mungu ampumzishe Bethuel, na Mwadini wake. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo mtapakua chakula, na kila mmoja wetu ana mtu aliyemnunia, mwaka wa ngapi sijui. Mfikirieni kabla hamjanawa. Kutoka Balsall Heath mpaka Acocks Green, Bi Mwanamize alitumia miaka kumi. Kwa basi ni nusu saa.