Draivu Nzima Iko Wapi

MWANAHAWA: Haloo? Nazungumza na fundi Hamza?

HAMZA: Nani mwenzangu? Sauti inakatika—

MWANAHAWA: Mwanahawa, wa Kinole. Wa mashine ya kufungasha mdalasini.

HAMZA: Aa, mama. Shikamoo.

MWANAHAWA: Marahaba. Nimekupigia tangu asubuhi, inaita tu.

HAMZA: Simu ilikuwa chaji, mama. Habari za mlimani?

MWANAHAWA: Alhamdulillahi. Ukungu mtupu. Unga wa mdalasini umejaa kwenye magunia, unavuta unyevu. Na leo baada ya laasiri kikundi kina kikao. Mnunuzi wa vyuma chakavu ametoka Dumila, yuko hapa na gari lake, na wenzangu wengine wanataka wampe mashine. Mimi ndiye niliyewaambia wamsubiri fundi. Sasa fundi, nikawaambie nini?

HAMZA: Waambie draivu ya kuendeshea mota bado naitafuta—

MWANAHAWA: Ulisema imepatikana Dar.

HAMZA: Imepatikana, ila mpya. Ile ya kwenu haitengenezwi tena, mama, kampuni ilishaacha zamani. Hii mpya inakaa vizuri kwenye kabati la umeme, waya zinaingia, lakini kontrola yenu ni ya kizamani. Yenyewe ikitaka mota ikimbie inatuma umeme mwingi, ikitaka itulie inatuma kidogo. Draivu mpya inasubiri amri za namba. Hazielewani. Mota inatetemeka tu kama mtu mwenye homa.

MWANAHAWA: Basi badilisha hiyo kontrola.

HAMZA: Ukibadilisha kontrola unabadilisha na mota. Ukibadilisha mota— [mtandao unakwaruza] —nyingine kabisa.

MWANAHAWA: Mwisho sikusikia.

HAMZA: Nasema ni sawa na kununua mashine nyingine. Na tusilaumiane, mama, lakini nyinyi ndio mliolifunika kabati blanketi, joto likaiunguza draivu.

MWANAHAWA: Ukungu wa huku unalowesha kiberiti mfukoni. Tuliligusa kabati tukaona la baridi, tukalifunika kama unavyofunika mtoto. Hatukujua kwamba linapumua. Hilo tulishalikubali, usinirudishe huko. Mimi naulizia ile draivu nyingine.

HAMZA: Ipi?

MWANAHAWA: Zilikuwa mbili, Hamza. Moja inavuta nailoni ya pakiti, moja inazungusha lile parafujo kubwa la kumimina unga. Iliyoungua ni ya nailoni. Ya unga nzima. Wewe mwenyewe ulisema, tukikosa kabisa, ile nzima ihamie kwenye nailoni, unga tujaze kwa kijiko.

HAMZA: Ndiyo, nilisema.

MWANAHAWA: Basi njoo uihamishe.

HAMZA: Leo nipo saiti, mama. Kazi imenibana.

MWANAHAWA: Mwenzetu Raya amefungua kabati asubuhi afute vumbi. Amekuta nafasi zote mbili za draivu ziko wazi.

HAMZA: Nilizichukua zote ili nizilinganishe—

MWANAHAWA: Hukutuambia.

HAMZA: Niliona jambo dogo.

MWANAHAWA: Haya. Umeshamaliza kulinganisha?

HAMZA: Mama, mtandao wa huku—

MWANAHAWA: Mtandao mzuri, nakusikia mpaka unavyomeza mate. Iko wapi?

HAMZA: Daah. Kuna kiwanda cha juisi hapa mjini, mashine yao rika moja na ya kwenu. Draivu yao ilikufa. Meneja hanipi pumzi. Nikasema niwaazime siku mbili tatu, maana kwenu imelala tu—

MWANAHAWA: Imelala kwa kuwa hukuja.

HAMZA: Najua.

MWANAHAWA: Nimewabembeleza akina Editha kikundini. Nikawaambia huyu kijana anaswali, mvumilieni. Wameninunia, nikanyamaza.

HAMZA: Nisamehe, mama. Kwenye kikao waambie zote mbili zimeungua. Halafu mimi wiki ijayo—

MWANAHAWA: Niseme zote zimeungua.

HAMZA: Kwa leo tu.

MWANAHAWA: Nikishasema hivyo, huyu wa Dumila anapakia. Wiki ijayo utaifunga wapi hiyo draivu, ukutani? Na mimi nimeshatia udhu.

HAMZA: Mama—

MWANAHAWA: Nitawaambia ilipo. Sitaongeza, sitapunguza. Wakiamua kuteremka wote kuifuata, sitawazuia. Na Editha unamjua.

HAMZA: Namjua. Mama, tafadhali, Editha asifike kwenye geti hili la kiwanda.

MWANAHAWA: Miguu ni yake.

HAMZA: Nikiitoa sasa hivi kazi yao inasimama. Meneja atanitimua, na mji mzima utasikia. Nani ataniita tena?

MWANAHAWA: Ndivyo ilivyosimama ya kwetu. Sisi hatuna geti, tofauti ndiyo hiyo. Salio langu linakwisha, Hamza.

HAMZA: Waambie wasipakie. Naingia kwa meneja, namwambia ukweli, naitoa.

MWANAHAWA: Utafika saa ngapi?

HAMZA: Laasiri itanikuta njiani. Hii barabara ya mlimani unaijua.

MWANAHAWA: Kikao kinafunguliwa kwa dua, na dua naisoma mimi. Nitawaombea marehemu wote wa Kinole, mmoja mmoja kwa jina. Watachoka wao, mimi sitachoka.

HAMZA: [anacheka kidogo] Niombee na mimi basi. Huyu hapa meneja anakuja.

MWANAHAWA: Wewe nitakuweka mwisho. Na ukichelewa, nakuingiza huko huko kwa mare—

[simu inakatika]