Mwalimu Stefano Namkopi, Mkimbiaji Aliyeuliza "Umejuaje?"

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Chiwata na nyinyi mliodamka alfajiri kutoka Newala, poleni kwa msiba huu wetu sote, familia inaomba mtusikilize.

Marehemu Mwalimu Stefano Namkopi alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 hapa hapa Chiwata, mtoto wa tatu wa Mzee Namkopi na Mama Bibiana, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1970 hadi 1976, kisha sekondari na chuo cha ualimu, na Januari 1984 akapangiwa Newala, ambako alifundisha hisabati na mbio ndefu hadi alipostaafu Juni 2022.

Tarehe 17 Oktoba 1992 alifunga ndoa na Isabela, wakajaliwa mabinti wawili, Yasinta na Salome, na Salome ndiye aliyerithi miguu ya baba. Tarehe 25 Oktoba 2014, katika mbio za kilomita ishirini na moja pale Newala, marehemu alimkataza binti kunywa maji njiani, kama alivyoambiwa yeye ujanani kwamba maji humtia mkimbiaji uzito, na Salome akaanguka juani, akalazwa siku tatu, siku ya kwanza hamtambui hata mama yake. Alipopata nafuu akauliza, "Baba, nani alikwambia maji ni mabaya?" na marehemu akakiri kwamba hamkumbuki aliyemwambia.

Tangu hapo alitafuta ukweli, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyochanganyikiwa, kwa kuwa redio ilisema mkimbiaji anywe kabla ya kiu, simu ikasema maji yakizidi nayo yanaua, muuza vidonge vya nguvu pale stendi ya Masasi akasema dawa anayo yeye, na wote walikuwa na uhakika uleule. Basi akawa anamwuliza kila mtu, "Umejuaje? Walipimwa wakimbiaji wangapi?" mpaka Mama Yasinta akamsihi walau amwache mgeni ale kwanza.

Agosti 2021 alianza kuishiwa pumzi kwenye vilima, akapimwa, ikaonekana moyo wake umekuwa mkubwa, hapo wengine wakasema huo ni moyo wa mkimbiaji, aendelee tu, wengine wakasema ni ugonjwa, ataanguka, naye akawa halali, leo akikimbia, kesho akiacha. Daktari mmoja wa hospitali ya Ndanda ndiye aliyemwambia, "Mwalimu, bado sijui. Acha mbio miezi mitatu tupime tena, moyo uliokuzwa na mazoezi huelekea kupungua." Marehemu alitoka akitabasamu, akamwambia mkewe kwamba leo amempata mtu wa kumwamini.

Moyo haukupungua. Alianza dawa, akabaki kutembea taratibu, hali ikabadilika Oktoba 2024, na tarehe 11 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa amemshika Salome mkono, ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu wanne.

Wengi mnatuuliza kama mbio zilimwua au zilimwongezea siku, nasi tumeuliza pia, lakini hatujui, na madaktari hawakutaka kutudanganya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Ndanda, walimu wenzake wa Newala, wakimbiaji wake, na majirani mliochota maji na kupika tangu jana.

Pumzika, Baba Yasinta, Mungu akupe amani ambayo majibu yetu hayakuweza kukupa.